Kifaa kigumu cha goti: kazi yake, goti linalokihitaji, na kadi inayoishia njiani

Kila tukigusa ajali za bodaboda kwenye kipindi cha asubuhi, meseji zinazoingia studio baadaye huwa zinahusu goti kuliko kiungo kingine chochote. Goti lililogongwa na bampa. Goti lililojipinda pikipiki ilipoangukia mguu. Goti la mama wa miaka sitini na ushee ambalo halijawahi kupata ajali, lakini sasa halimfikishi shambani. Siku hizi kuna swali moja linajirudia katika meseji hizo: kile kifaa kigumu cha goti, chenye vyuma pembeni na mikanda, kinapatikana wapi, na je, bima inakilipia?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, hapa hapa Dodoma, na tangu hapo mazungumzo mengi vijijini yamekuwa juu ya bei ya kadi. Ni wachache wanaouliza kadi hiyo itampa nini mtu aliyetoka wodini na mguu asiouamini. Kabla ya kufika kwenye bima, inabidi tuelewane kifaa chenyewe ni nini, kwa sababu kuna vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja, na watu wanapoteza pesa hapo.

Soksi na fremu

Ukipita maduka ya dawa mjini, kuanzia Majengo hadi Uhindini, ukasema unataka kifaa cha goti, mara nyingi utapewa kitu cha mpira na kitambaa kinachovutwa mguuni kama soksi. Si kitu kibaya. Kinatia joto, kinabana uvimbe kidogo, na kinamkumbusha mwenye goti aende taratibu. Wapo wanaolala vizuri zaidi kwa sababu yake. Lakini ukiweza kukikunja ukakitia mfukoni, jua hakina nguvu ya kumzuia mfupa asiende anakotaka kwenda.

Kifaa kigumu ni habari nyingine. Kina ganda au fremu inayokaa kwenye paja, nyingine inayokaa kwenye muundi, na bawaba mbili zinazoziunganisha, moja upande wa ndani wa goti na nyingine upande wa nje. Mikanda inakishikilia. Wengine hukiita bresi. Kipo kinachouzwa tayari kwa saizi, kama viatu, na kipo kinachotengenezwa kwa kipimo cha mguu wako peke yako. Hiki cha pili ndicho tunachokieleza leo.

Namna kinavyofanya kazi unaijua tayari ikiwa umewahi kujenga nyumba ya fito. Ukikuta ufito umepinda, hauunyooshi kwa kuukamata sehemu moja. Unaweka goti lako pale kwenye tumbo la ufito, unashika ncha mbili kwa mikono, unavuta. Hizo ni sehemu tatu: moja inasukuma, mbili zinajibu. Mtaalamu anayetengeneza kifaa cha goti anafanya hesabu hiyo hiyo. Tuseme goti limepinda kwenda nje, miguu imeachana kama upinde. Kifaa kitasukuma goti kutokea upande wa nje kuelekea ndani, huku kikijibu kwenye paja na kwenye muundi kwa upande wa ndani. Kadiri ncha zile mbili zinavyokuwa mbali na goti, ndivyo nguvu ndogo inavyotosha na ngozi inavyopona na michubuko. Ndiyo maana kifaa cha kweli ni kirefu. Kile kifupi cha sentimita ishirini hakina ncha za kuvutia.

Goti si bawaba ya mlango

Tunazoea kusema goti ni kama bawaba: linakunja, linanyoosha. Lingekuwa hivyo, fundi yeyote wa mageti angeweza kutengeneza kifaa chake. Ukweli ni kwamba mfupa wa paja umekaa juu ya muundi bila shimo la kuushika, tofauti na nyonga. Kinachoushikilia ni kano nne kubwa: mbili zimepishana katikati ya kiungo, moja iko pembeni ndani na moja pembeni nje. Katikati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyopokea mtikisiko. Goti likikunja, mfupa wa paja unabingirika na kuteleza kwa wakati mmoja, na muundi unajizungusha kidogo.

Matokeo yake, mhimili wa goti hauko mahali pamoja. Unahama mguu unapokunja. Mtaalamu anapopachika bawaba ya kifaa huitafutia mahali panapokaribiana zaidi na mhimili huo, yaani juu kidogo ya mstari ambapo mifupa miwili inakutana, na nyuma kidogo ya katikati ya mguu ukitazamwa kwa pembeni. Vifaa vingine vina bawaba yenye meno au mihimili miwili ili kuufuata mwendo huo wa kubingirika.

Sasa fikiria kifaa kimeshuka sentimita mbili tu. Bawaba ya kifaa na bawaba ya mwili zinavutana. Mtu akikunja goti, fremu inasukuma paja juu na kuburuta muundi chini, ngozi inasagika, na kano iliyokusudiwa kulindwa inavutwa. Mlango uliopigiliwa bawaba mbili zisizo kwenye mstari mmoja unakwaruza sakafu. Goti nalo linakwaruza, ila lenyewe lina mishipa ya fahamu.

Na kifaa kinapenda kushuka. Paja la binadamu ni nene juu na jembamba chini, kwa hiyo kitu chochote kigumu kilichovishwa hapo kinatafuta njia ya kuteleza. Wengi huongeza kukaza mikanda, damu inazuilika, mguu unavimba, na mwisho kifaa kinatundikwa ukutani. Kile cha kupimwa kinajisaidia kwa kufuata umbo: kinakaa juu ya nyama za ndama, kinashika pembe za mfupa juu kidogo ya goti, na uso wa mbele wa muundi, ambao ni mfupa uliofunikwa na ngozi tu, unakuwa mahali imara pa kukishikilia. Kwangu mimi, sababu kubwa ya kukilipia kipimo iko hapa. Plastiki na chuma ni vile vile. Kilichotofautiana ni kukaa mahali pake siku nzima.

Kinavyotengenezwa

Mgonjwa anavalishwa soksi nyembamba. Mtaalamu anapapasa mifupa na kuichorea alama kwa kalamu ambayo wino wake unahamia kwenye plasta. Halafu mguu unazungushiwa bandeji ya POP, ile ile ya kufungia mfupa uliovunjika, huku akiushika mguu katika mkao anaoutaka. Ikikauka, inakatwa na kutolewa kama gamba. Gamba hilo linajazwa uji wa plasta, na unapoganda unapata sanamu ya mguu wako.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye sanamu hiyo. Panapotakiwa kusukumwa, mtaalamu anakwangua. Penye mfupa uliochomoza anaongeza plasta, ili kifaa kije kiache nafasi. Kuna sehemu moja wanayoiogopa kwa haki: upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa ukiwa umefunikwa na nyama kidogo sana. Ukibanwa hapo muda mrefu, mtu anaweza kushindwa kuinua kanyagio, vidole vikawa vinaburuza. Sanamu ikishakubalika, karatasi nene ya polipropileni, jamaa ya plastiki ya viti vya nyumbani, inapashwa kwenye oveni hadi ilainike, inalazwa juu ya sanamu na kuvutwa kwa pampu ya hewa mpaka inaganda kwa umbo hilo. Kinachobaki ni kukata, kulainisha kingo, kufunga bawaba na mikanda, na kumwita mwenye mguu aje avae, atembee, arekebishiwe. Nchi tajiri wanapima kwa kamera na kompyuta, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Tanzania si mgeni wa kazi hii. Chuo cha mafunzo ya wataalamu wa viungo bandia, TATCOT, kilianza Moshi mwaka 1981 ndani ya eneo la hospitali ya KCMC kwa msaada wa Ujerumani, na kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Karakana nyingine zinazojulikana ziko MOI na CCBRT jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, na kituo cha Usa River huko Arusha. Ukitazama ramani utaona tatizo la mtu wa Mpwapwa, Kondoa au Manyoni bila kuelezwa. Sisi wa katikati tuko mbali na kila upande. Hatua ya kwanza kwetu ni hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa: muulize daktari wa mifupa kama kipimo kinaweza kuchukuliwa hapo hapo kabla ya kukata tiketi.

Na uhesabu safari kwa uaminifu. Kuna ya kupimwa, kuna ya kujaribishwa, kuna ya kurudi baada ya wiki kadhaa kifaa kikishakukubali au kukukataa. Anayehesabu nauli ya safari moja hujikuta na kifaa kisichorekebishwa.

Goti gani linakihitaji

Hapa nitawakatisha tamaa baadhi ya wasikilizaji, na afadhali nifanye hivyo kuliko muuze mbuzi bure.

Kundi ambalo faida yake haina ubishi mkubwa ni la watu ambao goti lao halishiki. Aliyechanika kano za pembeni katika ajali, na daktari akaamua kumtibu bila upasuaji, anahitaji kitu cha kumzuia goti lisitoke kwa pembeni wakati kano inajiunga. Aliyefanyiwa upasuaji wa mifupa inayounda goti anaweza kuwekewa bawaba yenye kizuizi, inayoruhusu kukunja kiasi fulani wiki hizi na kuongezewa wiki zijazo. Mtu aliyepooza msuli wa paja tangu utotoni kwa polio anahitaji kifaa kirefu zaidi, cha paja hadi kanyagio, chenye kufuli ya kumzuia goti lisikunjike ghafla. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio Agosti 2020, lakini waliougua zamani bado wanaishi nasi na vifaa vyao vinachakaa.

Wachezaji wa mpira wanaouliza kama kifaa kitawarudisha uwanjani baada ya kano ya katikati kukatika, jibu lina kasoro. Vipimo vinaonyesha kifaa kinamzuia muundi asichomoze mbele wakati nguvu ni ndogo, kama kutembea. Nguvu za kugeuka ghafla ukiwa mbioni ni kubwa kuliko ganda lililokaa juu ya nyama linavyoweza kudhibiti. Na baada ya kano hiyo kushonwa upya, kumvalisha kila mgonjwa kifaa kama kawaida hakujaonyesha faida iliyotarajiwa. Mazoezi ndiyo yaliyoonyesha.

Kundi kubwa kuliko yote ni la magoti yaliyosagika, lile ambalo mtaani husemwa “ute umeisha”, na dawa yake inatajwa kuwa maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri. Hailiki ikafika kwenye goti. Kilichotokea ni kwamba gegedu inayofunika ncha za mifupa imelika, mara nyingi zaidi upande wa ndani wa goti, kwa sababu upande huo ndio unaobeba zaidi ya nusu ya mzigo mtu anapotembea. Na mzigo wenyewe si uzito wa mwili tu. Kila hatua kwenye tambarare inalibebesha goti takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mtu, kwa sababu misuli nayo inavuta. Mama wa kilo 60 analibebesha karibu kilo 150. Mtwike ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani, hesabu inapanda kwa zaidi ya hizo kilo 20.

Kwa goti la aina hiyo, kifaa cha kupimwa chenye zile sehemu tatu kinajaribu kuhamisha sehemu ya mzigo kutoka upande uliolika kwenda upande uliobaki mzima. Wataalamu wa dunia hawajakubaliana kimsaidie nani. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilikipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa ambao maumivu au kulegea kwa goti kumeathiri sana kutembea kwao. Mwaka 2022 chombo cha Uingereza kinachoandika miongozo ya tiba, NICE, kilisema kisitolewe kwa kila mgonjwa kama kawaida. Kitolewe pale goti linapolegea au mzigo unapokaa vibaya, na mazoezi peke yake yameshindikana. Ukisoma kwa makini, hawagombani sana. Wote wanasema kipo cha kumfaa mtu fulani aliyepimwa na kuonekana, na wote wanaanza na mazoezi na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kila kilo moja inayopungua mwilini inalipunguzia goti takriban kilo nne kwa kila hatua. Hakuna kifaa cha bei hiyo.

Zoezi la kuanzia halihitaji mashine. Kaa kitandani mguu umenyooka, kunja kanga au taulo uiweke chini ya goti, likandamize chini mpaka msuli wa paja ukakamae, hesabu tano, achia. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ndio kifaa cha goti ulichozaliwa nacho, na kifaa cha plastiki kikivaliwa miezi bila mazoezi, msuli huo unasinyaa. Kuna magoti ambayo yamevuka hatua zote hizo, na hayo yanaangaliwa kwa upasuaji wa kubadilisha goti, ambao sasa unafanyika hapa Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Vumbi, jasho na choo cha shimo

Vipeperushi vya vifaa hivi vimeandikwa kwa watu wanaokaa kwenye makochi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na kifaa kigumu hakipendi kuchuchumaa. Mwambie mtaalamu wako jambo hili mapema bila aibu. Anaweza kukueleza lini kivuliwe, au mkashauriana kiti cha choo cha mbao. Wanaoswali vivyo hivyo wataje sijda. Mkulima wa zabibu anayeinama kwenye mistari ya mizabibu kutwa na dereva wa bodaboda anayekanyaga gia kwa mguu huo huo hawahitaji kifaa cha mkao mmoja.

Vumbi letu la Septemba na Oktoba linaingia kwenye bawaba. Lifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, usipake mafuta ya kula. Plastiki ya ndani ioshwe kwa maji na sabuni kidogo na ikauke kivulini. Ukiianika juani au karibu na jiko inajikunja, na hapo kipimo chote kimekwenda. Vaa soksi ya pamba ndefu ndani yake kwa sababu ya jasho. Ukivua, tazama ngozi. Wekundu unaopotea ndani ya nusu saa ni wa kawaida. Ukibaki, au pakatokea lengelenge, kifaa kirudi karakana. Mwenye kisukari au aliyekufa ganzi miguuni atazamiwe na mtu mwingine, kwa kuwa yeye hatasikia kidonda kinapoanza. Ndama ikivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikibana, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Watoto wenye matege

Meseji nyingine ni za akina mama: mtoto ana matege, je, avalishwe kifaa? Mtoto mdogo kuwa na miguu ya upinde hadi karibu miaka miwili ni kawaida. Akifika mitatu au minne magoti yanaweza kugusana kinyume chake, na kufikia miaka saba hivi miguu hujinyoosha kwa wengi. Cha kutia shaka ni mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, upindaji unaozidi kila mwaka, maumivu, au watoto wengi wa kijiji kimoja kuwa nao.

Hilo la mwisho lina historia kwetu. Katika mikoa inayopitiwa na bonde la ufa, ikiwamo Arusha, Manyara na jirani zetu wa Singida, kuna visima vyenye madini ya floraidi kwa wingi. Yakizidi yanabadilisha rangi ya meno, na yakizidi sana kwa muda mrefu yanaharibu mifupa, miguu ya watoto ikapinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu ya uhaba wa chanzo kingine. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimekuwa kikichuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa mtoto kama huyo kifaa kinaweza kuhitajika baada ya upasuaji wa kunyoosha, lakini ukimvalisha huku anaendelea kunywa maji yale yale, unanyoosha ufito ambao mvua bado inaunyeshea. Kijiji kiombe maji yapimwe.

Kadi inafika wapi

Turudi kwenye pesa. Kaya nyingi za vijijini mkoani kwetu zimezoea CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita. Ni kadi iliyookoa wengi, na Dodoma ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kujaribu maboresho yake. Mpaka wake umekuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Karakana kubwa ziko KCMC, Bugando na MOI, yaani hospitali za kanda na za taifa. Kwa hiyo kadi inakomea kabla barabara haijafika kwenye kifaa. Wanachama wa NHIF wamekuwa na bahati zaidi, kwa kuwa mfuko wao umekuwa na vifaa vya mifupa ndani ya mafao, ila kwa fomu na kibali, na si kila kifaa.

Sheria mpya inakusudia kuufuta mpaka huo kati ya kadi ya mkulima na kadi ya mtumishi kwa kumtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua. Miongoni mwa vyanzo vya mfuko huo vilivyotajwa ni kodi za vinywaji vyenye gesi, pombe na vipodozi, pamoja na sehemu ya ada za bima za vyombo vya moto. Hiki cha mwisho kinanifurahisha. Vyombo vya moto vinatuletea sehemu kubwa ya magoti haya. Ni haki vichangie kuyashika.

Mashaka yangu yako kwenye kitita, yaani orodha ya huduma kadi inazolipia. Mtu wa hesabu akikuta neno “kifaa cha goti”, ataandika bei ya kitu. Atalipia soksi, au fremu ya saizi ya kati iliyoagizwa nje, na orodha itaonekana imetimia. Lakini kama tulivyoona, kinachofanya kazi ni kipimo, kujaribishwa na kurudi kurekebishwa, pamoja na mtu wa mazoezi ya viungo. Hivyo vinne visipoandikwa kwenye kitita pamoja, tutakuwa tunalipia mapambo ya ukutani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Mbunge wako anayepita kijijini anaweza kuulizwa hili kwa sentensi moja: je, kitita kinalipia kupimwa na kurekebishwa, au kifaa peke yake?

Aliyeumia barabarani ana mlango mwingine ambao wengi hawaugongi. Kila chombo cha moto kinatakiwa kisheria kuwa angalau na bima ndogo, na bima hiyo ipo kwa ajili ya madhara yanayompata mtu mwingine, akiwamo aliyegongwa. Kudai kunahitaji karatasi: PF3 kutoka polisi, taarifa ya ajali, namba ya pikipiki, vyeti vya hospitali na kila risiti. Tatizo la kwetu linajulikana. Mezani panaitishwa kikao, dereva anatoa laki moja na kuku wawili, mnaandikiana kwamba yameisha, na goti linaanza kulegea mwezi wa tatu. Goti linachelewa kusema ukweli wake. Kabla hujaweka dole gumba kwenye karatasi ya suluhu, pata maelezo ya daktari wa mifupa kwa maandishi, na yaseme kama utahitaji kifaa na kwa muda gani.

Na ukifika siku ya kupimwa, vaa kaptula au gauni linalopandishika hadi juu ya paja, beba picha zako za X-ray hata zile za zamani, na nenda na kiatu au kandambili unazovaa kila siku, kwa kuwa kimo cha kisigino kinabadilisha namna goti linavyosimama.